Kichocho si Alama ya Ukubwa

Wananchi wa Ngulyati, nanyi nyote wa Bariadi na Usukuma kwa jumla, leo twataka kusema juu ya adui asiyeshika bunduki, lakini anamwaga damu ya watoto wetu. Adui huyo ni kichocho.

Nchi yetu ilipojitawala mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi. Wengi hudhani hao ni maadui watatu wanaokaa mbalimbali. Katika kichocho wote wamo nyumba moja. Umaskini humfanya mtu ategemee maji ya lambo. Maji hayo humpa maradhi. Na ujinga humwambia kijana anayekojoa damu kwamba si neno, ameanza kuwa mtu mzima. Twasema wazi: hiyo si alama ya ukubwa, si mkosi, wala si ulozi. Ni mnyoo, na mnyoo huyo alionwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Misri tangu mwaka 1851.

Njia yake ni hii. Mwenye kichocho akikojoa majini au kando ya maji, mayai ya mnyoo huanguliwa humo. Vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono wadogo, vikaongezeka kwa majuma kadhaa, kisha hutoka na kuogelea vikimtafuta mtu. Havingoji anywe maji. Hupenya ngozi yake isiyo na jeraha lolote, awe anaoga, anafua, ananywesha ng'ombe au anapanda mpunga jarubani.

Dalili zake ni hizi. Kwanza ngozi yaweza kuwasha na kutoa vipele. Baada ya majuma machache huenda homa na kikohozi vikafuata. Miezi ikipita, huja maumivu wakati wa kukojoa, na damu, hasa mwishoni mwa mkojo. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi huharibu figo, na waweza kuleta saratani ya kibofu. Mwanamke aweza kupata vidonda ukeni, hata akakosa uzazi; naye husingiziwa ugonjwa wa zinaa. Tusimwongezee mgonjwa aibu. Tumpeleke akapimwe.

Dawa ipo. Yaitwa prazikwanteli, nayo hugawiwa watoto mashuleni. Lakini dawa huua minyoo iliyomo mwilini tu. Haimkingi mtoto anayerudi lamboni. Kumpa dawa na kuyaacha maji yachafuliwe ni kuteka maji kwa tenga.

Hatumlaumu mchungaji. Ng'ombe hawezi kungoja bomba. Serikali ina wajibu wa kuchimba visima na kuleta maji safi, na madiwani wetu yawapasa kulidai jambo hilo bila kuchoka. Lakini choo hakingoji bajeti. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi penye redio, wakajifunza habari za kichocho na maradhi mengine, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Hawakuwa matajiri kuliko sisi.

Basi kila tawi la Chama lianze na viongozi wake. Mjumbe asiye na choo hana mdomo wa kumwamuru jirani. Kila nyumba iwe na choo, na kitumike. Mtu yeyote asikojoe majini. Maji ya kuogea yatekwe pasipo konokono, yafunikwe, yalale siku mbili, kwa maana vijidudu vya kichocho visipompata mtu hufa. Na ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiona damu katika mkojo wake aseme siku hiyohiyo, na mzazi asimcheke.

Tulishinda utawala wa kigeni kwa kushikamana nyumba kwa nyumba. Lambo nalo litasafika kwa njia hiyo hiyo.