Mtoto akiuliza kwa nini ndege ya kivita haionekani kwenye rada

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa anaangalia katuni ya vita, akaniuliza: "Anti, hiyo ndege inapoteaje kwenye rada wakati bado iko angani?" Nilitaka kumjibu kwamba ni teknolojia, yaishe. Lakini majibu ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya watoto waache kuuliza.

Mzazi, anza hivi. Rada hutuma mawimbi ya redio, kisha husubiri yagonge kitu na kurudi. Mama aliyepimwa ujauzito kwa ultrasound ameiona kanuni hiyo, ila kile kipimo hutumia mawimbi ya sauti. Yasiporudi, hakuna picha.

Usiku zimeni taa. Mpe mtoto tochi ya kawaida (si ya leza, huumiza macho) nawe shika kioo. Kikimwelekea, mwanga unamrudia. Kiinamishe kidogo: mwanga unaangukia ukutani, na kwake kioo kinakuwa cheusi. Ndivyo ilivyoundwa F-117 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981. Mwili wake ni vipande bapa vilivyoinamishwa ili mawimbi yaende pembeni.

Kisha aviringishe mpira kwenye kona ya chumba. Utagonga kuta mbili na kumrudia. Mkia uliosimama wima ukikutana na bawa lililolala hufanya kona kama hiyo, na rada huiona vizuri. Kwa hiyo mkia wa F-117 umeinamishwa mfano wa herufi V.

Je, haionekani kabisa? Hapana. Tarehe 27 Machi 1999 moja ilitunguliwa Serbia. Kikosi cha Zoltán Dani kilitumia rada ya zamani ya mawimbi marefu, ambayo umbo lile haliikwepi vizuri. Rubani, Dale Zelko, alinusurika. Miaka mingi baadaye alikwenda kumtembelea Dani, ambaye alikuwa ameacha jeshi na kuwa mwoka mikate. Wakawa marafiki.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. "Kumbe ndani kuna mtu?"

Katuni haikuwahi kumwonyesha. Wanetu wakiuliza kuhusu mashine za vita, tuwaeleze zinavyofanya kazi, na tusisahau kuwaambia kuna watu ndani yake, na wengine chini yake.