Okidi na Siri ya Jina Lake

Ndugu msomaji, ukitajiwa okidi huenda ukafikiri ua la kupambia meza ya arusi. Kumbe jina lenyewe halikutokana na ua, bali na kitu kilichofichika udongoni.

Asili ya neno hilo ni Kiyunani, "orchis", na maana yake, tukiwaomba radhi wazee wetu, ni korodani. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeandika habari za mimea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alilitumia kwa mmea wenye viazi viwili vya mviringo vilivyokaa pamoja chini ya shina. Watu wa kale wakaamini kuwa umbo hilo ni ishara ya dawa ya nguvu za kiume. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alilihifadhi jina hilo katika elimu ya mimea. Baadaye likaenea kwa jamaa nzima ya okidi, ijapokuwa nyingi huota juu ya miti na hazina viazi kamwe.

Viazi hivyo viwili vina kazi. Kile kikuukuu huulisha mmea wa mwaka huu, kisha husinyaa. Kile kichanga huweka akiba ya mwaka ujao.

Okidi nyingi za namna hiyo zimo katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, una zaidi ya aina 40 za okidi, na wenyeji huuita "Bustani ya Mungu". Lakini ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, viazi hivyo hutwangwa, vikapikwa pamoja na karanga, pilipili na magadi, kikapatikana chakula kipendwacho kiitwacho chikanda. Kwa ajili ya soko hilo, viazi vingi vimechimbwa kwetu na kuvushwa.

Achimbaye huuangamiza mmea wa leo pamoja na wa mwakani. Wala pengo halizibiki upesi, kwa kuwa mbegu za okidi ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini hazichipui pasipo msaada wa kuvu wa ardhini.

Hatumlaumu atafutaye riziki ya wanawe. Lakini mkulima mwenye busara, hata njaa ikibisha hodi, haili mbegu yote. Wayunani waliviona viazi viwili wakatoa jina. Sisi tukumbuke kwamba kimoja ni cha kesho.