Rangi Katika Maji ya Mito Yetu

Ndugu wakulima wa skimu za Borabu, na ninyi nyote mlioko Kisii na Nyamira, kuna habari inayotembea siku hizi katika mabaraza na kwenye vituo vya maziwa. Husemwa kwamba umepatikana unga mweupe ambao ukitiwa katika maji yenye rangi, na maji yale yakaanikwa juani, rangi hutoweka kabisa. Watu wamefika ofisini kwetu kuuliza unauzwa wapi na kilo ni bei gani. Mzee mmoja alitaka kujua kama unaweza kutiwa katika birika la ng'ombe. Habari hii si uongo, lakini imesimuliwa nusu, na habari nusu yaweza kummalizia mkulima fedha zake kisha ikamwacha anakunywa maji yasiyofaa. Kwa hiyo nataka tuieleze yote.

Tuanze na rangi yenyewe. Mama zetu wa zamani walitumia majani, magome na udongo. Mwaka 1856 kijana wa Uingereza, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata rangi ya zambarau. Tangu hapo rangi nyingi za dunia zimekuwa za viwandani, nazo hutengenezwa makusudi zisichuje kwa maji wala zisipauke juani, kwa maana mnunuzi hataki nguo inayopauka. Sifa hiyo iliyo nzuri katika nguo ndiyo iliyo mbaya katika mto. Vijidudu vinavyoozesha majani na samadi havijui namna ya kuila rangi ya namna hiyo, au huila polepole mno. Tena ni nyepesi kuenea: gramu 1 tu ya rangi nyingi za unga yatosha kutia wekundu au ubuluu unaoonekana kwa macho katika lita 1,000 za maji. Mwanga ukizuiwa usifike chini, mimea ya majini hudhoofika, na samaki wanaoitegemea hudhoofika nayo. Baadhi ya rangi za jamii iitwayo azo, zinapovunjika nusu, huacha kemikali ambazo huweza kuleta saratani. Sisemi kwamba kila ndoo ya rangi ni sumu. Nasema tu kwamba asiyejua kilichomo ndani ya ndoo hana haki ya kuimwaga palipo na maji ya mwenzake.

Na rangi ipo kwetu. Wachongaji wa mawe ya Tabaka wanajulikana duniani; kazi ya Elkana Ong'esa, mwana wa huko, imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe huchongwa likiwa limelowa, kisha husuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo sehemu kubwa hufanywa na akina mama. Baadaye sahani, bakuli na wanyama wadogo hupakwa rangi, huchorwa kwa ncha ya chuma hata weupe wa jiwe uonekane, na mwisho hung'arishwa kwa nta. Katika masoko yetu nako wamo wanaotia nguo za mitumba rangi upya, hasa nyeusi na buluu. Maji yanayobaki huenda wapi? Mara nyingi hayana pa kwenda ila mferejini, na mvua ya alasiri, ambayo kwetu haikosi, huyakokota hata bondeni.

Najua wengine wenu wa Borabu mtasema, "Tabaka ni mbali, nasi tuko juu, maji machafu hayapandi mlima." Ni kweli maji hayapandi mlima. Lakini mto Gucha huanzia vilima vya Nyamira, hupita nchi ya Kisii, huingia Migori ukiitwa Kuja, na humwagika katika Ziwa Viktoria. Sisi tulio juu ndio wa kwanza kuyagusa maji hayo, na kila tunachotia huku hunywewa na mwingine kule. Mwenye kumwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe karibu na kijito hana ulimi wa kumlaumu mama wa Tabaka mwenye ndoo ya rangi.

Sasa tuje kwenye unga. Jina lake ni dioksidi ya titani. Si kitu kigeni, kwa maana ndicho kinachofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba kitu hiki kikiwa ndani ya maji na kupigwa na mwanga kiliweza kuyatenga maji katika gesi zake mbili. Wataalamu wengine wakafuata njia hiyo, wakaona kwamba huweza pia kuvunja uchafu. Kitu cha namna hii huitwa kichocheo, nacho ni kama kinu: nafaka huingia nzima na kutoka imepondeka, na kinu chabaki kinu. Mwanga ukiipiga chembe ya unga, maji na hewa vinavyoigusa chembe hiyo hugeuka kuwa vipande vikali mno, visivyodumu hata kufumba na kufumbua jicho, lakini kabla ya kwisha huuma chochote kilicho karibu. Rangi ikiwa karibu huumwa na kukatika, vipande vyake navyo hukatika tena, na kazi ikiachwa ifike mwisho hubaki maji, chumvi kidogo na hewa ya kaboni ile tunayoitoa puani. Mmeona ukuta wa rangi nyeupe uliokaa juani miaka mingi, ukiupapasa mkono hujaa vumbi jeupe? Sababu mojawapo ni hiyo hiyo: jua na titani vimekuwa vikila gundi ya rangi.

Hapa sina budi kutaja jambo la Kwale. Madini ya titani yalichimbwa katika mchanga wa kaunti ile ya pwani kuanzia 2013 hata mwisho wa 2024, yakapakiwa melini kwenda ng'ambo. Mchanga wa nchi hii umekwenda ukiwa ghafi, na sasa tunaulizana bei ya unga.

Basi kwa nini nasema msikimbilie kuununua? Kwanza, unga huu haupokei mwanga wote. Hupokea ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayochoma ngozi, nayo ni kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu ya jua linalotufikia. Kwetu tuko karibu na ikweta na juu mlimani, hivyo asubuhi tunayo mionzi hiyo ya kutosha. Lakini ninyi mnaijua anga ya Kisii kuliko mtaalamu yeyote wa ng'ambo: ifikapo saa nane mawingu yamekwisha kukusanyika. Kazi inayohitaji kutwa nzima ya jua hupata nusu kutwa.

Pili ni maji yenyewe. Maji ya rangi nzito hujizibia mwanga. Juu panafanya kazi na chini ni giza. Kwa hiyo hayawezi kusafishwa katika pipa wala kisima, bali katika sinia pana lenye kina cha vidole vichache, au katika mabomba ya kioo. Na maji ya mchongaji yana vumbi la jiwe, meupe kama uji. Vumbi hilo lisipotuama kwanza, mwanga hauingii kabisa. Chumvi na magadi ambayo watia rangi hutia ili rangi ishike nguo nayo huipunguza kasi kazi ile, kwa kuwa vile vipande vikali huuma chumvi badala ya kuuma rangi.

Jambo la tatu ndilo linaloniudhi kila nisikiapo wachuuzi wakilisifu. Unga huu ni laini mno, hautuami upesi. Ukiutia katika maji ya birika, ng'ombe atakunywa unga. Ukimwaga maji hayo, unga wako umekwenda mtoni na fedha zako nazo. Wala si vizuri kuuvuta puani wakati wa kuupima. Ndiyo maana wataalamu huugandisha juu ya kioo au kokoto, au hujenga mitambo ya kuuchuja na kuurudisha. Huko Almería, Hispania, kiko kituo kikubwa cha kujaribu kazi za jua, na humo wana vioo vilivyopindwa vya kukusanya mwanga juu ya mabomba ambamo maji machafu huzungushwa pamoja na kichocheo. Hiyo ni kazi ya wahandisi. Haifanywi kwa kijiko.

Tena maji yaliyopoteza rangi si lazima yawe yamesafika. Mtu akitia dawa ya klorini ya kufulia katika maji ya rangi, yataweza kupauka mbele ya macho yake, lakini vipande vya rangi bado vimo, na huenda vimeshikana na klorini vikawa vibaya kuliko awali. Na kichocheo cha jua kikikatizwa katikati ya kazi huacha vipande vile vile. Jicho halitoshi kuamua. Sharti maji yapimwe maabarani.

Wala msiichanganye habari hii na ile ya chupa za maji juani, maana nimewasikia wengi wakichanganya. Kuanika maji ya kunywa katika chupa nyeupe za plastiki ni jambo lililojaribiwa hapa Kenya, miongoni mwa watoto wa Kimasai, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1996: walionywa maji ya chupa zilizowekwa juu ya paa walihara kidogo kuliko wale ambao chupa zao ziliwekwa ndani ya nyumba. Chupa iwe safi, isizidi lita 2, maji yawe maangavu kiasi cha kusoma herufi kubwa za gazeti lililowekwa chini yake, nayo ikae juani saa 6, au siku 2 kama kuna mawingu mengi. Hufaa sana nyumbani. Lakini huua vijidudu tu. Haiondoi rangi, wala dawa ya shambani, wala mbolea.

Maoni yangu, basi, ni haya. Katika baraza moja nilisikia ikisemwa kwamba watia rangi wafukuzwe sokoni na wachongaji wakatazwe rangi. Sikubaliani. Mama anayesugua sahani za mawe hupata senti chache kwa kipande, na mwenye kupata faida kubwa yuko mbali, hajawahi kulowa mikono. Tukimfukuza, atapaka rangi kichakani, na hapo hatutajua maji yanapita wapi. Afadhali kila kikundi kiwe na mahali pamoja pa kupakia rangi, penye sakafu ya saruji na shimo lililosakafiwa la kutuamisha vumbi. Rangi iliyobaki leo itumike kesho badala ya kumwagwa. Hatua hiyo peke yake ingepunguza maji machafu kuliko unga wowote, na haihitaji profesa.

Baada ya hapo ndipo jua lipewe kazi yake. Chuo Kikuu cha Kisii kipo karibu, na serikali mbili za kaunti zipo. Ingefaa wajenge sinia moja la majaribio, la kioo kilichopakwa kichocheo, wapime maji kabla na baada katika miezi ya jua na ya mvua, kisha watutangazie matokeo barazani kwa lugha tunayoielewa, hata kama matokeo ni kwamba haifai. Gharama ilipwe na nani? Mimi nasema wauzaji wakubwa wa mawe wachangie pamoja na kaunti, si mama wa msasa.

Na sisi wakulima hatukai bure tukingojea. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingoni mwa mto, na nafasi ya kuachwa kila upande ilikuwa si chini ya mita 6, ikiweza kufika mita 30. Wangapi kati yetu tumeiacha? Nimeona matete yameng'olewa ili kupandwa mikaratusi na mahindi hata maji yanapogusa mizizi. Majani ya ukingoni hukamata udongo, na pamoja na udongo hukamata sehemu ya uchafu unaoshuka na mvua.

Nilifunzwa ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, na tabia ya mwalimu hainitoki. Walimu wenye 4K Club shuleni wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa chupa mbili za maji yaliyotiwa rangi kidogo sana, moja juani na moja kabatini, zikitazamwa kila asubuhi kwa wiki mbili. Rangi nyingine zitafifia, nyingine hazitabadilika hata kidogo, na hapo watoto wataelewa kwa nini kichocheo kilitafutwa. Mwisho wa jaribio maji hayo yasimwagwe kijitoni.

Wenye ng'ombe wanaonywa chini ya soko nawaomba jambo moja. Chukueni chupa nyeupe, mteke maji siku ya soko na siku inayofuata, mwandike tarehe na mahali juu ya karatasi, mziweke chupa mahali penye giza. Mkiwa nazo za miezi mitatu, zileteni kwa Bwana Shamba wa wadi yenu, nasi tutazipanga mezani mbele ya wakubwa wa maji wa kaunti.