Walimu, Watembezeni Watoto Duluti

Utajapo matembezi ya Arusha, fikra za wengi huruka hadi kilele cha Meru, chenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Hiyo ni safari ya wenye nguvu na nafasi. Lakini pale Tengeru, karibu na barabara kuu ya Moshi, lipo Ziwa Duluti, ambalo watumishi wengi hulipita bila ya kushuka.

Duluti ni kasoko ya kale iliyojaa maji. Njia yake hupita chini ya miti ya msitu wa hifadhi, na wakati wa kiangazi, tope likisha kukauka, mzee na mtoto huweza kuifuata polepole. Hapo mwanafunzi huwaona kenge, mnandi na mdiria wakiwa hai, si katika picha.

Lakini liko somo kubwa zaidi. Ziwa hili halina mto unaoingia wala unaotoka. Kwa hiyo udongo, mbolea na dawa za mashamba zikisukumwa na mvua hadi majini, hazina pa kwenda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 wa kulinda kingo za maziwa. Sheria hiyo itabaki maandishi matupu iwapo wanaopaswa kuisimamia hawajapata kuukanyaga ukingo wenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa basi kila shule ya jirani, na kila ofisi, itenge japo siku moja kwa mwaka ikalikague ziwa hili kwa miguu.