Ameibiwa Nani? Jibu kwa Wanaoshutumu Hadithi za Wizi wa Kuchekesha

Imekuwa ada miongoni mwa wasomi wetu kwamba hadithi ikimchekesha msomaji hutiliwa shaka. Na ikiwa anayechekesha ndani yake ni mwizi, hushtakiwa kabisa. Nataka katika kurasa hizi nisimame upande wa mshtakiwa. Sikusudii kuutetea wizi, maana wizi hauna haja ya wakili. Wafuasi wake ni wengi na wanajitosheleza. Ninachokitetea ni hadithi fupi ya wizi wa kuchekesha, ile ambayo mjanja humshinda mwenye mali kwa akili, damu haimwagiki, na msomaji hufunga kitabu huku akicheka. Nadai kwamba wengi wanaoihukumu hadithi ya namna hii huihukumu kwa swali lisilofaa. Wao huuliza, "Je, mwizi ameadhibiwa?" Ingewapasa waulize, "Ameibiwa nani?"

Swali hili sikulipata maktabani. Nililipata Kasekese, kata ya Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Zamani sehemu hizo zote zilihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda. Ni nchi ya Wabende, Watongwe, Wakonongo na Wapimbwe, na Wasukuma nao wamehamia kwa wingi pamoja na ng'ombe wao; kwa hiyo mtu akisoma hadithi mbele ya watu huko, husoma mbele ya makabila mengi yanayoelewana kwa Kiswahili. Jioni moja, baada ya kazi za shamba, watu wapatao ishirini walikaa nami katika baraza ya mwenyeji wangu, nami nikawasomea kisa cha Abunuwasi na sufuria.

Kisa hiki chajulikana na kila aliyepata kuzisoma Hekaya za Abunuwasi shuleni, na Waturuki humsimulia Nasreddin Hoca kwa kisa hicho hicho. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake. Alipoirudisha alitia ndani yake sufuria ndogo, akamwambia mwenyewe kwamba sufuria yake imezaa. Jirani akapokea zote mbili kwa furaha, asiulize neno. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, na safari hii asirudishe kitu. Jirani alipokuja kudai, akaambiwa kwamba sufuria imekufa. Akapiga kelele kwamba sufuria haifi. Akajibiwa kwamba kilichozaa hakina budi kufa. Shauri likaisha hapo, na sufuria ikabaki kwa mwazimaji.

Nilipomaliza nikawauliza wameionaje. Mwalimu mmoja alisema hadithi ni nzuri mpaka karibu na mwisho, ndipo inapoharibika, kwa kuwa mwizi amekwenda na mali na hoja imemwunga mkono. Mtoto akiisoma atajifunza nini? Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu alisema hadithi ni nyepesi, wahusika wake ni bapa, nayo haina dhamira ya kuchambuliwa. Dereva wa bodaboda alikuwa amecheka hata akajishika mbavu, akasema jirani amepata haki yake. Mama mmoja wa makamo hakucheka hata kidogo. Aliniuliza, "Na mke wa jirani, mwanangu, siku ile alipikia nini?"

Naomba msomaji aliweke swali la mama huyo akilini. Nitalirudia, maana ndilo lililonitoa usingizini. Kwanza yanipasa nijibizane na hao wawili wa mwanzo, kwani maoni yao ndiyo yanayotawala madarasa na meza za wahakiki.

Shutuma ya mwalimu ni kongwe. Mwaka 1899 Mwingereza E. W. Hornung alitoa kitabu cha visa vya Raffles, bwana wa heshima anayecheza kriketi mchana na kuvunja nyumba za matajiri usiku. Aliyemwonya kwamba si vema kumfanya mhalifu kuwa shujaa ni shemeji yake, naye ni Arthur Conan Doyle, yule yule aliyemwumba Sherlock Holmes. Onyo halikusaidia kitu. Mwaka 1905 Mfaransa Maurice Leblanc akamtoa Arsène Lupin, mwizi mwingine wa kuchekesha, naye akapendwa zaidi. Kwetu sisi hapakuwa na haja ya kungoja Wazungu. Sungura ameiba katika hadithi za bibi zetu kabla ya shule kujengwa; ameiba maji kisimani na mazao shambani, na amewaponyoka wakubwa wa mwituni kwa ulimi wake tu. Bibi zetu hawakuwa walimu wa wizi. Mtoto aliyemcheka Fisi jioni alikwenda asubuhi kuchunga mbuzi wa jirani, na mbuzi walirudi wote.

Kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu kicheko kina masharti yake. Jaribu mwenyewe. Katika kisa cha sufuria, mwondoe jirani na mahali pake umweke yatima mwenye sufuria moja tu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mwache Abunuwasi aseme maneno yale yale na kufanya ujanja ule ule. Je, nani atacheka? Dereva wetu wa bodaboda asingecheka. Angesimama na kudai sufuria irudishwe. Hila ni ile ile na mwizi ni yule yule. Aliyebadilika ni aliyeibiwa. Basi msomaji anapocheka amekwisha kuhukumu. Amepima tamaa ya jirani, ameiona nzito, naye ameitoza faini ya sufuria moja. Mwalimu anayetaka mwizi apelekwe gerezani katika mstari wa mwisho ataka hukumu ya pili katika shauri lililokwisha kukatwa, tena na mahakama iliyosikiliza vizuri kuliko yeye.

Zaidi ya hayo, mwalimu hakuhesabu wezi sawasawa. Katika kisa hiki wezi ni wawili, na wa kwanza ni jirani. Siku alipopewa sufuria ndogo alijua kwamba chuma hakizai. Alijua kwamba ile haikuwa mali yake. Alinyamaza kwa kuwa uongo ule ulimfaa. Kuna fundisho gani la maadili lililo kali kuliko hilo, kwamba mtu akikubali uongo unaomletea faida hana tena mdomo wa kuukataa ule unaomletea hasara? Hadithi imelisema jambo hilo bila kulitamka. Mwalimu aliyezoea mafundisho yaliyoandikwa kwa chaki ubaoni amepitwa nalo.

Sasa nimgeukie ndugu yangu wa chuo kikuu. Siku hizi tunalo jina la hadithi za namna hii. Twaziita fasihi pendwa, na jina lenyewe limekuwa tusi. Ajabu ilioje, kwamba kupendwa kumekuwa kosa! Mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958 yalimpa ushindi Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa mwenye kiko chake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Hivi vyote ni vitabu vya uhalifu. Ni kweli kwamba Bwana Msa hufichua siri, haibi. Walakini mlango alioufungua ndio uliowaingiza wasomaji wengi katika riwaya ya Kiswahili, na wahakiki wanaomtaja leo kwa heshima wangefaa wakumbuke kwamba alipendwa kwanza, akachambuliwa baadaye.

Ama kuhusu wepesi, yeyote anayedhani kwamba wepesi ni kazi rahisi na ajaribu kuuandika. Hadithi ya huzuni yaweza kubeba ukurasa uliolegea, msomaji akavumilia kwa heshima ya msiba. Hadithi ya wizi wa kuchekesha haivumiliwi. Kila hatua lazima ishikane na nyingine kama pingili za mua. Kisa cha sufuria kimesimama juu ya maneno mawili, "imezaa" na "imekufa". Ondoa moja na nyumba nzima huanguka. Na huyo jirani anayeitwa bapa, mbona tunaiona tamaa yake ikikua ndani ya ukimya, pasipo mwandishi kuieleza kwa sentensi hata moja? Wako wahusika wa riwaya nene tunaowasoma kwa mitihani ambao hawajapata kunyamaza kwa namna ya kutufundisha kiasi hicho.

Lakini iko shutuma ya tatu, nayo hakuitoa mwalimu wala mwanafunzi. Naitoa mimi dhidi yangu, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Je, ni halali kumcheka mwizi katika nchi ambamo neno "mwizi" likipigwa kelele laweza kumwua mtu? Taarifa za haki za binadamu hutaja mwaka baada ya mwaka watu waliouawa na makundi yenye hasira kwa tuhuma ya wizi. Na wale wanaokasirika hawakukosa sababu. Mfugaji akiibiwa ng'ombe ameibiwa mahari, ada ya shule na uzee wake. Ndiyo maana sungusungu walizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkulima akiibiwa gunia la mpunga ameibiwa miezi ya jasho. Mtu huyo ukimletea hadithi ya kuchekesha, ana haki ya kukutazama kwa jicho kali.

Nitakiri jambo. Nilipokuwa kijana nilisimama katika soko la mji mmoja ambao sitautaja, nikaona kundi likimzunguka mvulana aliyesemwa kuwa ameiba simu. Hakuna aliyemwuliza jina. Hakuna aliyeuliza simu ni ya nani, wala ilipotelea wapi. Mimi nami nilikuwa na ulimi na sikuutumia. Polisi walifika akiwa bado anapumua; la sivyo leo nisingekuwa na ujasiri wa kusimulia. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuisoma ibara hiyo, nayo haikunisogeza hata hatua moja.

Nimelifikiri tukio lile miaka mingi, nami nasema hivi: lile kundi halikuharibiwa na hadithi za kuchekesha. Kundi halina subira ya hadithi. Hadithi humpa mwizi jina, humpa jirani, humpa sababu na njia, kisha humruhusu aseme mpaka mwisho. Humpa na aliyeibiwa nafasi ya kudai, na msomaji nafasi ya kupima kati yao. Hayo yote ndiyo mvulana yule aliyonyimwa. Anayezoea kusikiliza kisa cha mwizi kwa utulivu, akacheka pale panapostahili na akanuna pale panapostahili, amejizoeza kazi ya hakimu. Anayesomewa tu hadithi ambamo mwizi huadhibiwa kabla hajasema amezoezwa kazi ya kundi. Mwalimu wetu anaogopa kwamba Abunuwasi atamfundisha mtoto kuiba. Mimi naogopa kwamba kumnyima mtoto Abunuwasi kutamfundisha kurusha jiwe.

Sasa narudi kwa mama wa Kasekese. Wengi barazani walidhani kwamba amekosa kuielewa hadithi. Kumbe ndiye pekee aliyeielewa mpaka jikoni. Hakuuliza kama mwizi ameadhibiwa, wala kama wahusika ni bapa. Alitazama mafiga matatu yasiyo na sufuria juu yake, akamwona mwanamke ambaye msimulizi hakumwona. Mwenye tamaa alikuwa mume. Aliyelala njaa na watoto ni mke, ambaye hakusema uongo wala hakuupokea. Mizani yangu niliyoisifu hapo juu, kumbe ilikuwa na sahani iliyofichwa. Tulicheka kwa urahisi kwa sababu mmoja wa walioibiwa hakuletwa mbele yetu.

Huo ndio uhakiki ninaoutaka. Hadithi ya wizi wa kuchekesha haina kosa kwa kuchekesha, wala kwa kumwacha mwizi huru. Ina kosa pale inapomficha mtu anayelipa gharama ya kicheko chetu. Mtungaji akimficha kwa makusudi, amedanganya. Akimficha kwa kutomwona, hakutazama vya kutosha. Dawa yake si kutia mawaidha mwishoni. Dawa ni kumwingiza huyo aliyesahauliwa, akajipatia sauti yake, hata kama hadithi italazimika kubadili mwendo.

Basi nawaomba mabwana na mabibi wanaoteua vitabu vya shule wasizikate hadithi hizi mkia kwa kuzipachika gereza. Nawaomba wahakiki wenzangu wayatafute maoni ya wasomaji barazani pia, kwani tumeandika mengi juu ya msomaji pasipo kumwuliza. Na watungaji nawaomba jambo moja, ambalo si langu. Usiku ule, tulipokuwa tukiagana, mama yule aliniagiza kwamba nikirudi niwasomee hadithi ambayo mke wa jirani huirudisha sufuria yake kwa hila zake mwenyewe, na Abunuwasi akabaki amekodoa macho. Nimeitafuta hadithi hiyo sijaipata. Atakayeiandika asiilete kwetu kwanza. Aipeleke Kasekese, akaisome, na amtazame mama yule kama atacheka.