Ngozi ya Dada wa Watu Sio Plasta ya Ukuta

Kama uko Mbeya na una bando, hiyo picha umeshaiona. Dada mmoja wa mjini (jina kapuni, ila kuanzia Mafiati mpaka Soweto wanamjua) kakaa anaangalia kamera. Nusu ya uso iko safi, imepakwa vizuri, nyusi zimechongwa. Nusu nyingine imebanduka kama rangi ya nyumba ya mkoloni, na chini ya ngozi yanaonekana matofali. Mpiga picha wake, kijana mwenye kistudio Mwanjelwa, aliiposti Ijumaa jioni na emoji tatu za moto. Kufika Jumapili ilikuwa kwenye stetasi za watu ambao hata Mbeya hawajawahi kukanyaga. "Kali sana." "Huyu jamaa mchawi." "Kaka, bei gani?"

Halafu zikaanza komenti za aina nyingine. Watu wazima kidogo, wa Mbozi, Vwawa, Tunduma. Hawakutukana. Waliandika fupi tu: "Toeni hii." Mmoja akaongeza: "Kwetu hiki sio kitu cha kuchezea." Vijana wakawacheka, wakawaita washamba. Siku ya tatu dada mwenyewe, ambaye alienda studio kulipia picha za birthday na sio kitu kingine, akaomba picha ifutwe. Jibu alilopewa ndilo lililochafua hali ya hewa: "Dada, hii ni sanaa. Uso wako hapa ni kama karatasi tu."

Karatasi!

Hili la Freemason, maana lilikuwepo kwenye kila komenti ya tano, liwekwe kando kwanza. Hamna jini humo, kuna hesabu. Picha ya kidijitali ni namba, kila kinukta kina kiasi chake cha mwanga kuanzia 0 mpaka 255. Ukilaza picha ya ukuta juu ya picha ya uso, programu inabidi iambiwe hizo namba zikutane vipi. Ukichagua Multiply zinazidishwa, kwa hiyo weupe wa ukuta unapotea na nyufa nyeusi zinabaki zimekaa kwenye shavu. Screen ni kinyume chake, weusi unapotea na mwanga ndio unabaki. Overlay na Soft Light zinacheza pande zote mbili, na kijivu cha katikati hakifanyi kitu. Mwisho inakuja maski: unapaka nyeusi pale usipotaka tekscha ionekane, machoni na mdomoni, unapaka nyeupe pale unapoitaka. Photoshop imetoka 1990 na leya zake zimekuja 1994. Leo kazi hiyo hiyo mtu anaifanya na PicsArt kwenye simu, amekaa kwenye daladala anasubiri abiria wajae.

Na kuunganisha picha za watu sio jambo la juzi hapa kwetu. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa anawatengenezea wateja wa studio yake picha za kuunganisha bila kompyuta yoyote. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi, amejenga jina dunia nzima kwa nyuso alizozishona kutoka vipande vya magazeti. Anayesema uso uliochanganywa na kitu kingine ni ushetani, ana kazi kubwa ya kufanya.

Lakini wale wa Mbozi hawakusema ushetani. Walikuwa wanasema kitu kingine, na kijana wa Mwanjelwa hakusikia kwa sababu enzi hizo alikuwa hajazaliwa au yuko mgongoni kwa mama.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kuingia 2000, huko Mbeya, na hasa Mbozi ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa 2016, watu waliuawa na kuchunwa ngozi. Sio hadithi ya kutishia watoto wale ugali. Maiti zilikutwa hazina ngozi, watu wakakamatwa, redio za nje zikatangaza. Ilisemekana ngozi zinauzwa nje ya mpaka kwa mambo ya kishirikina. Neno "wachuna ngozi" kwa mtu wa Dar ni msemo tu. Kwa mama wa Vwawa mwenye miaka hamsini leo, ni jirani ambaye hakurudi nyumbani. Sasa huyo mama anafungua simu aliyonunuliwa na mwanawe na anakutana na binti wa mjini, mzima, anatabasamu, ngozi imebanduliwa nusu. Chini yake watu wameandika "kali sana".

Je, kijana alijua? Haielekei. Alifuata video ya mafunzo ya mtu wa nje, akashusha ukuta wa bure mtandaoni, akaulaza. Na hapo kuna jambo la kiufundi ambalo watu hawaliongelei. Zile video nyingi zinafundishwa kwa ngozi nyeupe. Mwalimu anaweka Multiply, nyufa zinakaa vizuri, kwa sababu uso wa chini una mwanga mwingi wa kupunguza. Multiply haijawahi kuongeza mwanga hata kidogo, inapunguza tu. Ukiifanya hivyo hivyo kwa dada mweusi, uso unazama gizani. Kijana anashtuka, anapandisha mwanga wa picha nzima, ngozi inageuka rangi ya majivu. Ndiyo maana nusu ya picha za namna hii zinazotoka Mbeya zina watu wa kijivu. Ukiangalia vizuri hata huyu dada, lile shavu lake zima, lile "safi", sio rangi yake. Waliosoma naye wamesema.

Ngozi nyeusi ni shamba la Screen. Wapiga picha wa zamani wa filamu walilijua hili bila kompyuta: ukipiga picha mbili kwenye kipande kimoja cha filamu, ile sehemu ambayo haikupata mwanga mara ya kwanza ndiyo inapokea picha ya pili. Kwa hiyo sura nyeusi iliyopigwa kwa upande, mwanga mdogo, ni kama udongo wa Uyole, kila kitu kinaota. Chukua maua ya Kitulo kipindi cha mvua, yale yaliyofanya watu waiite Bustani ya Mungu. Weusisha nyuma yake, laza kwa Screen, na maua yanachanua ndani ya shavu bila kumchubua mtu. Au ukungu wa Loleza asubuhi ya Julai, ule ambao unakaa juu ya mji kama blanketi na hata haulipiwi. Kuna binti mmoja, mwanafunzi wa chuo hapo Mbeya, anafanya hivyo kimya kimya kwa picha za wanachuo wenzake. Picha zake zinapata laiki arobaini. Ndiyo mambo ya mtandao.

Sasa hama barabara, nenda Iringa. Huko kuna kisa kinachofanana na hiki kwa nje, na watu wamevichanganya sana wiki hii.

Msanii mmoja chipukizi wa Kihesa ametoa kava ya singo yake: uso wake mwenyewe, na ndani ya uso, kama kivuli, fuvu. Kwenye paji la uso kuna msuko wa kikapu cha milulu. Wakati huo huo wanaolaani picha ya Mbeya wakamvaa na yeye: naye anachezea wafu, naye Freemason, wote lao moja.

Hapana. Iringa fuvu lina mwenyewe. Mtwa Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Likaja kurudi 1954. Lipo Kalenga, kwenye jumba la makumbusho, sio mbali na mjini. Mtoto wa Iringa anapelekwa kuliona akiwa shule ya msingi. Kwa hiyo huyu kijana alivyoweka fuvu ndani ya uso wake hakuwa anatafuta kutisha mtu. Wanaomfahamu wanasema wazo la kwanza lilikuwa kutumia picha ya fuvu lenyewe, babu yake akamwambia neno moja tu, "acha", na akaacha. Akachora la kwake, akalififisha mpaka likawa linaonekana ukiangalia mara ya pili. Uso ni wake, aliyeulizwa ni mzee wake. Wimbo wenyewe wa kawaida tu, kiitikio kinachosha, lakini kava ni ya kuchapa na kutundika sebuleni.

Ukiziweka picha hizi mbili pamoja, kitu cha kutisha kinazidi kwenye ile ya Iringa. Fuvu linatisha kuliko tofali. Lakini ile ya Iringa hakuna aliyeamka asubuhi akakuta sura yake imefanyiwa kitu asichokijua.

Kijana wa Mwanjelwa naye asikilizwe, maana ana lake. Simu zimemaliza studio. Mtu haji tena kupiga picha ya familia, anakuja kupiga paspoti na anataka apunguziwe. Usipokuwa na kitu cha kushangaza kwenye ukurasa wako, wateja wa mahafali wanaenda kwa mwingine. Picha moja ikivuma inalipa kodi ya chumba miezi miwili. Hilo ni kweli, na wanaomtukana wengi hawajawahi kulipa kodi ya fremu pale Mwanjelwa. Ila kulikuwa na njia fupi sana: "Dada, nina wazo la ajabu kidogo, naomba nikuoneshe kabla sijaposti." Dakika tano. Labda angekubali, wasichana wa mjini wanapenda vitu vya ajabu. Labda angesema kwao ni Mbozi, na hapo hapo angesimuliwa kilichotokea.

Na kama heshima haitoshi, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na imeanza kufanya kazi Mei 2023. Inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na hakuna kinachomtambulisha mtu haraka kuliko uso. Studio nyingi za mtaani hazina hata karatasi ya kusaini. Mteja analipa, anapewa flashi, picha zinabaki kwenye kompyuta ya watu milele.

Huyu dada angalau ana simu na ana sauti. Kuna mabibi wa sokoni, wauza parachichi na viazi kule Uyole na Tukuyu, ambao wamepigwa picha kwa kubembelezwa na shilingi elfu mbili. Mikunjo yao imelazwa juu ya picha ya ardhi iliyopasuka kwa ukame, wamekuwa mapambo ya kurasa za watu na caption za "Mama Afrika". Ukame, Tukuyu! Moja ya sehemu zinazonyeshewa mvua kuliko karibu nchi nzima. Bibi wa watu kageuzwa jangwa wakati nyumbani kwake migomba inaoza kwa maji, na hajui, kwa sababu Instagram hana.

Picha ya Mwanjelwa ilifutwa Jumatano usiku, baada ya kaka wa yule dada kufika studio. Hakuna ugomvi uliotokea, waliongea, kijana akaomba radhi na kurudisha hela ya birthday. Lakini tayari ilikuwa imepigwa skrini shoti kila kona. Juzi imeonekana kwenye ukurasa mmoja wa Dar unaouza sabuni ya kung'arisha ngozi. Wameikata katikati, nembo ya studio imefutwa. Upande wa matofali umeandikwa "kabla", na lile shavu la kijivu limeandikwa "baada ya wiki mbili".