MASHAURI YA MKULIMA: Trekta Kuukuu na Baridi ya Kangari

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa chai huko Kangari katika Murang'a, ameleta swali linalofaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Anayo trekta kuukuu, Massey Ferguson 135, inayomvutia kuni, mawe na mbolea. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Nyandarua, trekta hiyo hukataa kuwaka asubuhi. Jamaa yake aliye Marekani ameahidi kumletea chombo cha umeme cha kupasha moto maji ya injini. Je, akifunge? Kwa sasa, asema, kijana wake huweka jiko la makaa chini ya injini tangu saa kumi za usiku, naye hulala humo bandani akingoja kupambazuke.

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa maana trekta hununuliwa lakini mtoto hanunuliwi. Bwana, jiko hilo liondoke leo. Makaa yakiwaka ndani ya banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na alalaye humo huenda asiamke. Tena chini ya injini kuukuu hapakosi oili na dizeli iliyodondoka. Cheche moja yatosha kuteketeza banda na vyote vilivyomo.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Asili yake ni nchi za theluji. Mtu mmoja wa North Dakota, Marekani, Andrew Freeman, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hiyo mwaka 1949. Huko baridi huweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri, na oili huwa nzito kama asali. Viko vya namna nyingi: kimoja hutiwa ubavuni mwa injini mahali pa kizibo cha bati, kingine hufungwa katika mpira wa chini wa rejeta. Maji yaliyopata moto hupanda, ya baridi hushuka, hata chuma chote kikawa vuguvugu.

Lakini baridi ya Kangari si baridi ya North Dakota. Usiku wa Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na hiyo ni baridi ya kumtafutia mtu blanketi, wala si ya kuishinda injini iliyo nzima. Injini ya dizeli haina cheche; huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata moto wa kuwasha mafuta. Ikiwa hewa yavuja kwa kuwa ringi za pistoni zimelika, au betri ni dhaifu na injini yazunguka polepole, moto huo hautoshi. Mchana kasoro hiyo hujificha, alfajiri hufichuka. Basi baridi si ugonjwa wa trekta hiyo, bali ni mpelelezi aliyeuvumbua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, mwite fundi atazame mambo haya. Kwanza, betri na nyaya zake: vichwa visafishwe, na waya wa kwenda kwenye chuma cha trekta ukazwe. Pili, oili: iwe ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha trekta, isiwe nzito zaidi kwa kudhani kwamba uzito ni nguvu. Tatu, kile kipasha hewa kilichomo kwenye njia ya hewa, ambacho hudondoshewa dizeli kidogo na kuiwasha. Ufunguo ushikwe mahali pa moto kwa muda wa sekunde 15 hadi 20 ndipo stata ipigwe. Trekta nyingi kuukuu kifaa hicho kimekufa zamani, na mwenyewe hana habari. Nne, mabomba ya dizeli yasiingize hewa, na nozeli zipimwe.

Tano ni themostati, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Trekta yangu ilipochemka siku moja mlimani, niliing'oa themostati nikaitupa, nikiamini kwamba ni kitu cha Wazungu wa nchi za baridi. Kumbe rejeta ndiyo iliyokuwa imeziba. Tangu hapo injini ilifanya kazi ikiwa baridi siku zote. Dizeli isiyoungua vema iliosha oili kwenye kuta za silinda, na baada ya misimu michache nilikuwa nikilipa gharama za ringi mpya. Fedha hizo zilikuwa za karo.

Yako na mambo ya kuepukwa kabisa. Usimwage maji yanayochemka katika injini baridi, maana chuma huweza kupasuka. Usipulize dawa ya etha ilhali kipasha hewa kimewashwa, kwa kuwa italipuka. Usiwashe trekta kwa kuiteremsha mlimani ikiwa na tela lenye mzigo. Miinuko ya Kangari haisamehe breki mbovu.

Yote yakitengenezwa, na bwana huyu bado akitaka chombo chake, sikatai. Injini yenye vuguvugu huwaka upesi na hailiki sana. Ila atazame volti. Umeme wa Kenya ni volti 240, na vyombo vingi vya Marekani ni vya 120. Chombo cha wati 400 cha kule kikichomekwa huku huvuta wati 1,600, nacho kitaungua. Amwambie jamaa yake atafute cha 240. Kifungwe na fundi, waya wa ardhi uwepo, wala kisiwashwe pasipo maji katika injini. Cha wati 500 kikiwaka saa mbili hula uniti moja tu ya umeme.

Hata hivyo nadhani fundi akimaliza kazi yake, chombo hicho hakitahitajiwa. Trekta itawaka alfajiri, na kijana atakuwa amelala nyumbani kitandani mwake.